Taa Iliyokonyeza Mbele ya Kamati

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya Mamlaka ya Malambo na Visima Vifupi, Kanda Ndogo ya Ushirombo, nautangazia umma kwamba mwezi wa sita mwaka 1998 tulifanikiwa kuunda Kamati ya Kudumu ya Taa. Haikuwa kamati ya taa zote. Taa za ofisini hazikuwaka tangu jenereta lizame kwenye mvua za Elnino, na hazikumkosesha mtu usingizi. Kamati yetu ilihusu taa moja tu, ndogo kama punje ya hindi, rangi ya machungwa, yenye picha ya injini, ambayo ilikuwa inawaka kwenye dashibodi ya pikapu yetu mpya bila kibali cha mtu yeyote.

Katibu wa Kamati nilikuwa mimi. Naitwa Sufiani, Afisa Tawala Msaidizi Daraja la Pili, na anayesema daraja la pili ni dogo akalione la tatu. Nimeandika mihtasari ya vikao kwa miaka kumi na minne, na hajatokea mtu aliyesoma hata mmoja akauelewa. Hiyo ndiyo kazi.

Pikapu yenyewe tulipewa na wafadhili wa ng'ambo ili ibebe mabomba na saruji kwenda vijijini, ambako watu na ng'ombe wanakunywa dimbwi moja kwa zamu, ng'ombe wakitangulia. Wazungu wana haraka. Sisi tuliipokea kwa ngoma, tukaipa namba ya mali, tukaipiga picha kila upande, kisha tukaipumzisha miezi miwili ili izoee hali ya hewa.

Dereva wake ni Bujiku. Mtu mrefu, mpole, maneno yake machache na hayo machache nusu ni Kisukuma. Alikuwa na miaka ishirini kazini, amebakiza miezi minane astaafu. Mtu wa namna hiyo ni hatari sana ofisini. Hana barua ya onyo, hana deni, hana ugomvi. Sasa mtu kama huyo ukitaka kumshika utamshika wapi? Ndiyo maana taa ilipowaka, Meneja wetu wa Kanda, Mheshimiwa Maige, alifurahi kidogo kabla ya kukasirika.

Alikasirika ipasavyo. Aliingia ofisini kwangu Jumatatu moja mwezi wa nne, amenyanyua kidole.

"Sufiani! Nani amewasha ile taa?"

Naomba msomaji alizingatie swali hilo. Mtu wa kawaida, yule wa mtaani, angeuliza kwa nini taa inawaka. Hilo ni swali la mafundi, na mafundi ni watu wanaokula bila kunawa. Kiongozi huuliza nani. Ukishampata nani, kwa nini hujileta yenyewe.

Kamati ilikuwa na wajumbe watatu. Mwenyekiti ni Meneja. Katibu ni mimi. Mjumbe ni Zamoyoni, mtunza stoo, mtu ambaye hajawahi kutoa kitu stoo bila kuumwa kichwa. Katika kikao cha kwanza Zamoyoni alitoa fomu ya makabidhiano ya gari, ile aliyoijaza siku pikapu ilipofika. Siku hiyo aliingia ndani, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini, na kama lilivyo kila gari, taa zote za dashibodi zikawaka pamoja. Akazihesabu, akaandika kwa wino: "Taa za dashibodi: tisa. Zote zinawaka. Nzima."

Basi hapo mambo yakawa mazito. Kwa mujibu wa fomu, taa ile ilitakiwa iwe inawaka. Kumbe kwa miezi kumi na minne ilikuwa haiwaki, na Bujiku alikuwa anaendesha tu, anapiga mluzi, hajaripoti upotevu! Tukamfungulia shitaka la kwanza: kunyamazia kuzimika kwa taa ya serikali. La pili: kuiwasha.

"Sasa wazee," Bujiku akauliza, kofia mkononi, "mnataka iwake au isiwake?"

"Usiihoji Kamati," nikamwambia.

Msidhani hatukufanya uchunguzi. Tulifanya. Meneja aliagiza taa inyimwe umeme, na usiku mmoja betri ikatolewa, ikafungiwa stoo. Asubuhi betri iliporudishwa, loo, taa kimya! Siku hiyo hiyo tukachinja mbuzi, tukala pilau, nikaandika taarifa ya kurasa sita kwenda makao makuu Shinyanga kwamba tatizo limekomeshwa kwa njia za wenyeji. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu taa ikawaka tena, na mbuzi ameshaliwa.

Tukagundua ina ratiba. Jumatatu inaripoti, Alhamisi inatoroka, Jumatatu inarudi tena. Kwa kweli ilikuwa na mahudhurio mazuri kuliko Zamoyoni. Nikakaa, nikalifikiria jambo hilo kitaalamu. Jumatatu hadi Ijumaa gari liko kwa Bujiku. Jumamosi na Jumapili Mheshimiwa Meneja analichukua mwenyewe, peke yake, kwenda kukagua malambo, maana ana uchungu na malambo. Sasa kwa kuwa Meneja hawezi kushukiwa, muda pekee ambao gari lingeweza kuharibiwa ni ule wa Jumatatu asubuhi, Bujiku anapolitoa nyumbani kwa Meneja kulileta ofisini. Ni hatua mia tatu. Katika hatua hizo mia tatu, nikaandika, mtuhumiwa hufanya jambo.

Hapa niseme neno kuhusu Meneja wetu na matumizi ya gari, maana kuna watu wana midomo. Mimi mwenyewe nilikagua logibuku, kile kitabu ambacho kila safari inaandikwa na kilomita zake. Kwa miezi minne hakuna wikendi hata moja ambayo gari lilitembea. Ijumaa jioni mita inasoma hivi, Jumatatu asubuhi inasoma vilevile, hata kilomita moja haijaongezeka. Mtu anakagua malambo ya wilaya nzima bila gari kusogea! Kweli Jumatatu lilikuwa linarudi limejaa vumbi hadi kwenye vioo, springi zimelala, nyuma kuna vipande vya mawe meupe yenye mistari. Hayo niliyaandika kwenye safu ya uchakavu wa kawaida.

Basi hukumu ikapatikana. Nikaiandaa barua ya kumwachisha kazi Bujiku, bila kiinua mgongo, bila cheti cha utumishi, ikabaki tarehe na saini. Tatizo likawa saini. Kwa mtumishi aliyezidi miaka kumi na mitano, sharti Afisa Utumishi Mkuu aje kutoka Shinyanga, amsikilize kwa masikio yake, ndipo asaini.

Akaja Bibi Paskalia Mageni. Alitazamiwa Jumatatu tarehe ishirini na saba mwezi wa saba. Yeye akafika Jumapili saa tisa mchana, kwa basi, na mfuko mmoja mkononi. Mkuu gani anakuja kwa basi, tena kabla ya siku? Nikatuma mtu wa pikipiki akamtafute Meneja huko malamboni. Ajabu ni kwamba hakuuliza malambo gani. Alielekea moja kwa moja njia ya Geita, kwenye machimbo. Saa kumi na mbili Mheshimiwa akaingia mbio, shati limebadilika rangi, nyuma ya gari turubai limefungwa haraka haraka juu ya vitu fulani vyenye pembe.

"Pole na kazi," Bibi Paskalia akamwambia.

"Ah, malambo, mama. Malambo yananimaliza."

Jumatatu asubuhi tukapanga viti mbele ya stoo, pikapu katikati kama bibi harusi. Kengele ya misheni ilipogonga saa mbili nikasoma mashitaka kwa sauti, nikichukua dakika arobaini. Bujiku alisimama muda wote. Alikuwa amevaa koti la harusi yake, limembana mabegani. Nilipomaliza, Bibi Paskalia akamuuliza kama ana shahidi.

"Ninaye mmoja, mama."

"Nani?"

"Taa yenyewe."

Nilicheka peke yangu, kwa niaba ya Kamati. Zamoyoni hakucheka. Alikuwa ameshashika kalamu.

"Taa haina anwani," akasema. "Posho ya shahidi nitamlipa nani?"

"Na itaapa kwa kitabu gani?" Meneja akadakia. "Upuuzi! Mama, huyu mtu anatuchezea."

Bibi Paskalia akanigeukia. "Katibu, Kanuni za Kudumu zinakataza?"

Nikafungua Kanuni za Kudumu za Utumishi. Nikatafuta mwanzo hadi mwisho, jasho linanitoka. Zinasema shahidi awe mtu au kitu kilichokuwapo wakati wa tukio. Sijui nani aliandika "au kitu". Watu wengine wakipewa kalamu wanakosa adabu.

"Hazikatazi," nikasema.

"Basi taa isikilizwe. Lakini nani atatafsiri?"

Bujiku akainua mkono kuelekea barabarani, na pale ng'ambo alikuwa amekaa Dolatkhanu, mjane wa Kihindi mwenye duka la spea sokoni, ambaye Ushirombo nzima inamwita Mama Zakir kwa jina la mwanawe. Alikuwa anangoja kuitwa. Miwani imefungwa kwa uzi, chupa ya chai kwapani, mkononi kijitabu kilichochoka kuliko faili langu lolote.

"Shikamoo mama," Bujiku akamwambia.

"Marahaba mwanangu. Usitetemeke, bwana, unanitetemesha na mimi."

Meneja akamtazama juu hadi chini. "Mama Zakir, tangu lini wewe ni fundi?"

"Mimi siyo fundi. Mimi nauza spea miaka thelathini. Fundi anaharibu, anakuja kwangu. Mwingine anaharibu, anakuja kwangu. Nimesomeshwa na makosa yao." Akafungua chupa, akajimiminia chai. "Nipeni kipande cha waya."

Waya hatukuwa nao. Zamoyoni alianza kueleza utaratibu wa kuomba waya, mama yule akanyoosha mkono kwenye faili langu, akachomoa kibanio cha karatasi kilichoshika barua ya Bujiku.

"Hiyo ni mali ya serikali!" nikapiga kelele.

"Nitairudisha. Tena itakuwa imenyooka."

Akafungua boneti. Pembeni mwa injini kulikuwa na kiboksi cheusi chenye kifuniko, na ndani yake matundu madogo mengi. Akakinyoosha kibanio, ncha moja akaichomeka tundu moja, ncha ya pili tundu jingine, kama mtu anayefunga kifungo. Kisha akamwambia Bujiku azungushe ufunguo bila kuwasha injini.

Taa ikaanza kukonyeza.

Siyo kuwaka. Kukonyeza. Iliwaka, ikazima, ikawaka, ikazima, halafu ikatulia, halafu tena. Sisi Kamati tulikuwa tumeitazama taa ile miezi minne haijatufanyia hivyo hata siku moja.

"Inamkonyeza mtuhumiwa!" Meneja akasema. "Mnaona? Wana njama! Sufiani, andika njama."

Nikaandika njama.

"Inahesabu," Mama Zakir akasema. "Hesabuni na nyinyi."

"Tano," akasema Zamoyoni.

"Nne, wewe!" Meneja akamfokea. "Huna macho? Nne, inapumzika, halafu mbili. Nne na mbili."

"Nne na mbili," Mama Zakir akakubali. "Ahsante, Meneja. Arobaini na mbili." Akavaa miwani, akafungua kijitabu, kidole kikateremka ukurasa mzima hadi chini. Hata mimi niliacha kuandika, na hilo halijatokea mara nyingi. "Ehee. Hii hapa. Injini inasema hivi: naona nazunguka, naona napewa mafuta, nasikia nimebebeshwa mzigo, lakini hakuna anayeniambia gari linatembea."

"Kwa Kiswahili," akasema Bibi Paskalia.

"Kwa Kiswahili, mama, kuna waya mnene unatoka kwenye giaboksi unapanda hadi kwenye mita. Ndio unazungusha mshale wa spidi, ndio unahesabu kilomita. Na hapo kwenye mita injini nayo inapewa habari. Mtu akiufungua ule waya, kilomita hazihesabiki. Gari litaenda Geita litarudi, mita imelala. Lakini injini haijalala. Inajiuliza, mbona nafanya kazi ya punda na naambiwa nimesimama? Inawasha taa. Ukirudisha waya haisamehi siku hiyo hiyo. Inakaa na kinyongo siku tatu, nne, ndiyo inazima."

Bibi Paskalia aliandika kitu kwenye daftari lake. Maandishi yake madogo, huwezi kuyasoma ukiwa umekaa kiti cha pili, na nilijaribu.

"Na kwa nini mtu aufungue?" akauliza.

"Hilo kitabu hakijaandika. Kimetoka Japani hiki, watu wa hapa hakiwajui."

Meneja alikuwa ameshasimama. Lazima nimpe haki yake, alikuwa mwepesi. "Basi kesi imekwisha! Bujiku ndiye aliyeufungua waya! Tulisema tangu mwanzo. Sufiani, leta barua, mama asaini, tukale."

Nikaleta barua. Bujiku akaitazama, na macho yakamjaa machozi mbele za watu.

"Mama," akamwambia Bibi Paskalia, "mimi ule waya siujui hata unakopita. Gari hili nimeambiwa nisiguse hata skrubu. Miezi minne silali. Mke wangu ananiuliza kila siku, Bujiku, umeiba nini? Sema tu umeiba nini, nijue. Nitamjibu nini mimi? Taa?"

Siyo desturi ya mihtasari kuandika machozi. Niliandika kwamba mtuhumiwa aliomba muda.

Bibi Paskalia aliishika kalamu, akaiweka tena. "Tuuone kwanza huo waya."

Mama Zakir akaingiza kichwa chini ya usukani. Akapapasa kulia, akapapasa juu. Akatoka, akanywa chai, akarudi. Jua likapanda. Meneja akaanza kutazama saa yake kila dakika, na nilifahamu sababu, maana pale barabarani alikuwa amesimama kijana wa machimboni na baiskeli, amekuja mara ya tatu kuuliza kama mzigo wa karasha unakuja leo au hauji. Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Kwa nini aulizie kwetu sijui, sisi ni watu wa maji.

"Siuoni," Mama Zakir akasema kutoka ndani. "Gari jipya hili, sijawahi kulifungua. Labda tung'oe dashibodi yote. Nalipeleka kwa fundi Kahama. Siku mbili, tatu."

"Siku tatu!" Meneja akasema.

"Au nne. Ngoja nijaribu huku upande wa kisanduku cha glavu."

"Siyo huko."

"Au labda unapita chini ya kiti."

"Chini ya kiti kuna nini, mama? Siyo huko!" Meneja akalisogelea gari, amekunja ngumi. "Kushoto! Kushoto kwa usukani, juu ya fyuzi!"

"Hapa?"

"Juu zaidi! Ebo! Pitisha mkono nyuma ya fyuzi, utashika nati ya plastiki yenye meno, izungushe kinyume, inatoka yenyewe. Dashibodi ya nini? Sekunde arobaini tu kazi hiyo! Hata gizani!"

Mama Zakir akapitisha mkono. Akatoa ncha ya waya mnene mweusi, inaning'inia, haijafungwa popote. Akaishika juu watu wote waione.

"Kweli," akasema. "Nati yenyewe imelainika kwa kufunguliwa. Ahsante, Meneja."

Hata kuku waliokuwa mbele ya stoo wakaondoka.

"Sekunde arobaini kwa nani, Bwana Maige?" akauliza Bibi Paskalia. Hakupandisha sauti.

"Kwa... kwa mtu yeyote. Mwenye mazoea."

Hapo nikaona kiongozi wangu amekwama, na mimi siyo mtu wa kumwacha mkubwa wangu kwenye tope. Nikasimama. "Mama, naomba kuweka kumbukumbu sawa. Meneja wetu siyo wa kukaa ofisini tu. Ni mtendaji. Akisema sekunde arobaini ni arobaini, hawezi kukosea, maana ile nati ameifungua kwa mikono yake mwenyewe mara nyingi sana."

Nilitarajia shukrani. Meneja alinitazama kama nimemmwagia mchuzi kwenye kanzu.

"Andika hivyo hivyo, Katibu," akasema Bibi Paskalia. "Neno kwa neno."

Nikaandika. Ndio muhtasari pekee katika maisha yangu ambao kila mtu aliuelewa.

Kisha akaomba logibuku. Akafungua kurasa za wikendi, moja baada ya nyingine, sifuri, sifuri, sifuri, akapitisha kidole juu ya vumbi la mlango, akazunguka nyuma, akafungua turubai. Palikuwa na viroba sita vya mawe.

"Sampuli za udongo wa lambo," Meneja akasema. Sauti ilikuwa imepungua.

Mama Zakir akachukua jiwe moja, akalimwagia chai iliyobaki kikombeni, akaligeuza kwenye jua kama wanavyofanya wachimbaji. Jiwe likametameta kwenye mstari wake.

"Mayo!" akasema Bujiku, yaani mama yangu, kwa Kisukuma.

"Lambo zuri sana hili," Mama Zakir akasema. "Niulizieni kama jirani yake kuna kiwanja kinauzwa."

"Bujiku," Meneja akaanza, na sasa alikuwa anamwita kwa upole, jambo ambalo sijawahi kulisikia, "Bujiku mwanangu, lakini kama ulijua, si ungenifuata tukaongea?"

"Ningekufuata wapi, mzee? Mwenyekiti ulikuwa wewe." Bujiku alijifuta uso kwa mkono wa lile koti. "Ulikuwa unanitazama machoni kila Jumatatu unaniuliza nani amewasha taa. Mbele ya watu. Mimi na mvi hizi. Sitakusamehe leo, mzee. Labda mwakani."

Ile barua ya kuachishwa kazi Bibi Paskalia aliichukua, akaipiga mistari miwili mikubwa ya msalaba, akasaini katikati ya msalaba na kuweka tarehe, akampa Bujiku akamwonyeshe mkewe. Bujiku akaipokea kwa mikono miwili. "Wabeja, mayo. Wabeja sana," akashukuru kwa Kisukuma, akaikunja vizuri mara nne akaiweka mfuko wa ndani. Mimi nilikuwa wa kwanza kumpongeza. Watu watasema nilimwandikia barua mimi, lakini ukweli ni kwamba siku zote nilikuwa na mashaka na yule Maige.

Bibi Paskalia akasema tunaondoka sasa hivi kwenda Shinyanga, makao makuu wakayaone wenyewe: muhtasari, logibuku, mawe na Meneja. Mama Zakir akafunga nati, na taa ikaendelea kuwaka, bado ina kinyongo. Kiti cha mbele kinachukua watatu. Wakakaa Bujiku kwenye usukani, Bibi Paskalia katikati, na Katibu dirishani, kwa sababu muhtasari haukai kwenye vumbi. Bwana Maige akapanda nyuma, akakaa juu ya viroba.

Bujiku akawa amefungua logibuku kwenye mapaja, kalamu imesimama.

"Mzee Sufiani, huyu wa nyuma nimwandike safu gani? Abiria au mzigo?"

Swali zuri la kiutumishi. Nikakumbuka waraka uliobandikwa mlangoni mwa ofisi, wa tangu mwaka jana, unaosema nyuma ya pikapu ya Mamlaka hakuna abiria, kuna mzigo tu. Waraka ameusaini Maige mwenyewe.

"Mzigo," nikasema.

Akaandika polepole, huku anasoma kwa sauti: "Mzigo. Mawe, viroba sita. Meneja, mmoja." Akasita. "Waraka si unasema na kamba?"

Unasema. Mzigo wowote usifungwe ovyo, ufungwe kwa kamba ya Mamlaka, usije ukaanguka njiani ukaleta hasara. Nikashuka, nikamwambia Zamoyoni alete kamba.

Zamoyoni akatoka stoo na kamba mpya, kavu, bado ina karatasi ya kiwandani. Lakini hakunipa. Aliishika kifuani kwa mkono mmoja, mkono wa pili una fomu.

"Kamba haitoki stoo bila saini ya Meneja," akasema.

Tukatazamana. Nikamtazama Bibi Paskalia, akatazama mbele, barabarani. Mama Zakir alikuwa amejaza kikombe kingine. Zamoyoni akazunguka nyuma ya pikapu, akainua fomu juu ya bodi, akachomoa kalamu sikioni.

Maige akaipokea. Akaisoma fomu yote, mstari kwa mstari, akamwambia Zamoyoni ameandika tarehe vibaya, leo ni ishirini na saba siyo ishirini na nane. Zamoyoni akarekebisha. Maige akasaini.